Jinsi ya kupima malipo ya bonasi kwenye meza ya krapsi kabla hujaweka dau

Mpwa wangu alinitumia picha ya meza ya krapsi saa tano usiku, na chini yake maneno machache: "Shikamoo mjomba. Hii bonasi inalipa 175. Inafaa au haifai?" Mimi ni mwalimu wa hesabu, kwa hiyo maswali ya namna hii hayanipiti. Nilimjibu papo hapo, na jibu langu halikuwa sahihi. Lilikosea kwa zaidi ya mara saba. Kesho yake nikakaa na daftari nikafanya upya taratibu, na njia niliyopita ndiyo ninayoieleza hapa. Lile kosa nalo nitalieleza, maana wengi wanaojua hesabu huangukia palepale.

Bonasi yenyewe ni hii. Krapsi ni mchezo wa kasino unaochezwa kwa dadu mbili, na kinachohesabiwa ni jumla ya nyuso mbili zilizo juu. Pembeni ya mchezo wenyewe kuna madau matatu ambayo kwa Kiswahili nayaita Ndogo Zote, Kubwa Zote na Zote. Ndogo Zote hulipa ikiwa 2, 3, 4, 5 na 6 zote zitatoka kabla 7 haijatoka. Kubwa Zote ni vivyo hivyo kwa 8, 9, 10, 11 na 12. Zote inazitaka namba zote kumi. Mpangilio hauhusiki, na namba ikijirudia haikudhuru wala haikufai. Ila 7 yoyote inafuta kila kitu, hata ile ya mrusho wa kwanza ambayo inampa ushindi aliyeweka dau la mstari, lile dau la msingi la krapsi (kwa Kiingereza «pass line»). Meza nzima inashangilia, na dau lako la bonasi linaondolewa kimyakimya.

Kabla ya hesabu yoyote, soma kitambaa cha meza vizuri. Kuna kineno kidogo katikati ya namba ambacho kinabeba chipu nzima (chipu ni kile kidude kinachowekwa mezani badala ya fedha). Pakiandikwa «34 to 1», ukishinda unapewa 34 na dau lako unarudishiwa, jumla 35. Pakiandikwa «35 for 1», unapewa 35 na dau lako limo humohumo. Malipo ni yaleyale, lakini ya pili inaonekana nono zaidi. Mimi kila mara nabadilisha kuwa jumla inayorudi mkononi, yaani dau likiwemo, kisha naendelea na namba hiyo moja tu. Kwenye picha ya mpwa wangu: Ndogo Zote inarudisha 35, Kubwa Zote 35, Zote 176.

Sasa zihesabu njia. Dadu mbili zina njia 36. Jumla ya 2 ina njia moja tu, 3 ina mbili, 4 tatu, 5 nne, 6 tano, na 7 ina sita. Kutoka hapo zinateremka kama zilivyopanda: 8 tano, 9 nne, 10 tatu, 11 mbili, 12 moja. Andika orodha hii juu ya ukurasa, utairejea kila wakati.

Kitu cha kwanza kutafuta ni dari, yaani kiwango ambacho uwezekano hauwezi kukivuka. Ndogo Zote haiwezi kushinda bila 2 kutoka kabla ya 7. Kati ya hizo mbili, 2 ina njia 1 na 7 ina njia 6, basi 2 hutangulia mara 1 katika 7. Tayari, bila jasho, unajua kwamba dau hili haliwezi kushinda zaidi ya mara 1 katika 7. Ongeza 3. Ama 2 inatangulia na 3 inafuata: 1/9 × 2/8. Ama 3 inatangulia na 2 inafuata: 2/9 × 1/7. Jumlisha, unapata 5/84, karibu mara 1 katika 17. Na bado hatujaigusa 4, 5 wala 6! Nalipenda zoezi hili dogo kuliko yote, kwa sababu linaonyesha ugumu unatoka wapi. Anayesimama mezani huiogopa 7, na ana haki, lakini mlango mwembamba hasa ni zile 2 na 12.

Kufuata mpangilio mmojammoja kunachosha haraka: namba tano zina mipangilio 120. Kuna njia fupi. Badala ya kuuliza zitatoka vipi, uliza zipi zitashindwa. 2 kushindwa maana yake 7 imeitangulia: 6/7. 3 kushindwa: 6/8. Zote mbili kushindwa maana yake 7 imezitangulia zote: 6/9. Kwa hiyo uwezekano wa zote mbili kutoka ni 1 − 6/7 − 6/8 + 6/9. Tunaongeza ile ya mwisho kwa sababu tumeitoa mara mbili. Piga kwenye kikokotoo: 5/84 ileile. Hapo ndipo nilipojua kwamba niko njiani.

Kwa namba tano unafanya hivyohivyo kwa kila kundi linaloweza kuundwa: kundi la namba moja toa, la mbili ongeza, la tatu toa, na kuendelea. Makundi ni 32, lakini mengi yanafutana. Mfano, 4 peke yake ina njia 3 na inatolewa, 2 na 3 kwa pamoja zina njia 3 na zinaongezwa, zinaondoka zote. Kinachobaki ni hiki:

6 × (1/6 − 1/7 − 1/8 + 1/11 + 1/12 + 1/13 − 1/14 − 1/15 − 1/16 + 1/19 + 1/20 − 1/21)

Jibu ni 0.02635, karibu mara 1 katika 38. Kubwa Zote ni sawasawa, kwa kuwa njia zake ni zilezile kinyumenyume. Kwa Zote makundi ni 1,024, kazi ya kompyuta na si ya kalamu. Kanuni ni hiyohiyo, na jibu ni 0.00526, mara 1 katika 190.

Na kosa langu la usiku ule ni hili. Nilichukua 0.02635 nikaizidisha kwa 0.02635, nikamwambia mpwa wangu kwamba Zote hutokea mara 1 katika 1,440. Inaonekana ni sawa: nusu ya chini itoke, na nusu ya juu itoke. Lakini kuzidisha hivyo kunafaa tu pale ambapo tukio moja halina habari na jingine, na hapa yote mawili yanategemea 7 ileile moja. Kwa wastani 7 huja kwenye mrusho wa sita. Ukisikia kwamba Ndogo Zote imekamilika, umeambiwa pia kwamba 7 imechelewa sana, na muda wote huo zile kubwa nazo zilikuwa zikidondoka. Gawanya 0.00526 kwa 0.02635: kila Ndogo Zote inapokamilika, Zote hukamilika pia karibu mara 1 katika 5. Nilipoliona hilo nilimpigia simu asubuhi hiyohiyo kabla sijaingia darasani, kwa sababu namba mbovu kutoka kwa mwalimu ni mbaya kuliko kutokuwa na namba.

Baada ya hapo kazi ni nyepesi. Zidisha uwezekano kwa jumla inayorudi. Ndogo Zote: 35 × 0.02635 = 0.922. Maana yake, kwa kila chipu 100 zinazowekwa, zinarudi kama 92 kwa muda mrefu, na kasino inabaki na 7.8. Zote: 176 × 0.005258 (ile 0.00526 kabla ya kuikadiria) = 0.925, kasino inabaki na 7.5. Linganisha na dau la mstari la krapsi hiyohiyo, ambalo kasino inabaki na chipu 1.4 tu katika 100. Ukiweka chipu moja kwenye kila bonasi kati ya hizo tatu, unapoteza kwa wastani 0.23 ya chipu kila raundi, yaani tangu kuweka dau mpaka lishinde au lishindwe; chipu hizohizo tatu mstarini zingepoteza 0.04. Mimi namba hii ndiyo huiangalia kwanza. Ukubwa wa 175 haunambii chochote mpaka niuweke karibu na 190.

Wastani pia hausemi yote. Mtu husikia "mara 1 katika 190" akadhani kwamba akicheza raundi 190 lazima apate. Uwezekano wa kucheza raundi 190 za Zote bila kushinda hata moja ni asilimia 37. Kwenye Ndogo Zote, raundi 38 bila kitu ni asilimia 36. Na hata ukiweka madau yote matatu kwa pamoja, asilimia 95 ya raundi yanaondoka yote. Mwenye fedha ya matumizi mfukoni aitazame hiyo 95 kwanza.

Ukitaka kuhakikisha hujakosea, fanya majaribio kwenye kompyuta: jumla ya namba mbili za bahati nasibu kati ya 1 na 6, rudia mpaka 7 itoke, weka alama kama zote kumi zilipatikana. Usitumie namba moja ya bahati nasibu kati ya 2 na 12; hapo 2 na 7 zitakuwa na nguvu sawa na kila kitu kitaharibika. Kwa raundi 100,000 tegemea Zote kutokea kama mara 526. Ukipata kati ya 480 na 572, ni kupanda na kushuka kwa kawaida. Ukipata 70, umezidisha kama nilivyozidisha mimi.

Juzi mpwa wangu alituma picha nyingine, ya meza tofauti. Madau ni yaleyale, lakini malipo ni 30 na 150 badala ya 34 na 175, dau likirudishwa. Safari hii hakuwa na swali. Chini ya picha aliandika mwenyewe: 31 × 0.02635 = 0.817, na 151 × 0.00526 = 0.794. Kisha: "Mjomba, hii inakula zaidi ya mara mbili ya ile. Nimeondoka."