Kusoma tepu za meinifremu kwenye Linux bila kuharibu data

Hatua hizi ni za tepu za meinifremu (kompyuta kubwa za mashirika) za IBM zenye lebo za kawaida (rekodi fupi zinazotambulisha tepu na mafaili yake), zikisomwa kwa draivu ya SCSI (aina ya kiunganishi cha kompyuta).

1. Funga uandishi. Tepu ya mviringo: chomoa pete ya plastiki iliyo nyuma yake. Katriji ya 3480: zungusha kigurudumu chake hadi upande wa kufunga. Fanya hivyo kabla tepu haijaingia kwenye draivu.

2. Andaa draivu kwa mt, amri ya kuendesha tepu.

`mt -f /dev/nst0 setblk 0`
`mt -f /dev/nst0 rewind`

Ni nst0, si st0. Ukitumia st0, tepu hurudi mwanzo kila dd (amri ya kunakili, hatua ya 3) inapomaliza, nawe utasoma faili lile lile hadi uchoke. Sifuri ya setblk maana yake kila bloki (kipande cha data kilichoandikwa kwa mkupuo mmoja) isomwe kwa urefu wake yenyewe. Ukiacha 512 iliyobaki kwenye draivu, utapata hitilafu ya kusoma na kudhani tepu imeoza.

3. Nakili. Hapa ndipo watu hupotea.

`dd if=/dev/nst0 of=f001 bs=256k`

Rudia kwa f002, f003 na kuendelea. Usiweke `mt fsf` (amri ya kuruka faili moja mbele) katikati: dd ikifika mwisho wa faili huwa imeshavuka alama ya tepu inayotenganisha mafaili, hivyo fsf itakurusha faili zima bila kukuambia.

Kwa nini 256k? Bafa (nafasi ya kusomea, ndiyo bs) ikiwa ndogo kuliko bloki, keneli (kiini cha Linux) hukataa kwa “Cannot allocate memory”. RAM yako haina kosa. Rudisha tepu mwanzo, ongeza bs. Bafa kubwa kuliko bloki haina madhara, maana kila usomaji mmoja huleta bloki moja tu.

Usithubutu kuweka `conv=noerror,sync`, hata kama umeizoea kwenye diski mbovu. Hiyo sync hujaza sifuri kila bloki fupi hadi itimie 256k, na hapa karibu kila bloki ni fupi.

Tepu hupangwa kwa mafaili matatu matatu: f001 ni lebo za mwanzo (VOL1, HDR1, HDR2, baiti 80 kila moja), f002 ni data, f003 ni lebo za mwisho (EOF1, EOF2). Data inayofuata iko f005. Faili tupu baada ya lebo za mwisho ndiyo mwisho wa tepu. Lakini faili tupu mahali pa data ni seti ya data isiyo na rekodi tu. Skripti inayosimama kwenye faili tupu la kwanza huacha data yote iliyo mbele. Ukiona EOV1 badala ya EOF1, data inaendelea kwenye tepu nyingine.

4. Soma lebo, uhakiki.

`dd if=f001 cbs=80 conv=ascii`

Kwenye HDR2, herufi ya 5 ni muundo wa rekodi (F: urefu usiobadilika, V: unaobadilika, U: usiobainishwa), 6–10 urefu wa bloki, 11–15 urefu wa rekodi. Kwenye EOF1, herufi 55–60 ni idadi ya bloki. dd ikisema “0+412 records in”, EOF1 nayo iseme 412. Zisipolingana, usiendelee.

5. Geuza EBCDIC (usimbaji wa herufi wa meinifremu za IBM). Kwa maandishi matupu ya muundo F, rekodi za baiti 80:

`iconv -f IBM037 -t ISO-8859-1 f002 | dd cbs=80 conv=unblock > f002.txt`

Usigeuze moja kwa moja kwenda UTF-8: alama kama ¬ huwa baiti mbili, na mistari yote inayofuata husogea. Mabano ya mraba yakitoka vibaya, jaribu IBM1047.

Muundo V: kila bloki huanza na baiti 4 za urefu, kila rekodi vilevile. Baiti mbili za kwanza ndizo urefu, baiti ya thamani kubwa ikitangulia, na hesabu inajumlisha hizo 4 zenyewe. Chambua kwa Python kabla ya kugeuza chochote. Dd haijui mambo haya.

Sehemu za COMP-3 (namba zilizopakiwa za COBOL, lugha ya programu) zisipite kwenye iconv kabisa. 12 34 5C ni +12345: kila nusu-baiti ni tarakimu, ya mwisho ni alama (C au F chanya, D hasi). Kata rekodi kwa vipimo vya mpangilio wake wa COBOL, kisha geuza sehemu za herufi peke yake.