Jinsi ya kuitoa laptopu kwenye S mode bila kumlipa mtu

Kama laptopu yako mpya inafungua WhatsApp uliyopakua Microsoft Store bila shida, lakini kila ukibofya faili la kusakinisha Chrome, AutoCAD au SPSS inakujibu kwamba inaendesha programu zilizothibitishwa na Microsoft tu, haijaharibika na wala haina virusi. Iko kwenye S mode, hali ya Windows inayokubali programu za Microsoft Store tu. Kuitoa humo ni bure, na mwenye laptopu anaweza kuitoa mwenyewe akiwa amekaa chumbani kwake Iyunga au Uyole. Naandika haya kwa sababu hapa Mbeya wanafunzi wanalipishwa kwa kazi hiyo. Mdogo wangu, anayesoma uhandisi, alilipishwa, na laptopu ikarudi ikiwa vilevile.

Anza kwa kuhakikisha. Fungua "Settings", ingia "System", kisha "About", utafute mstari wa "Edition". Ukikuta "Windows 11 Home in S mode", endelea na mwongozo huu. Maneno "in S mode" yasipokuwepo, tatizo lako ni dogo zaidi: nenda "Apps", "Advanced app settings", uone palipoandikwa "Choose where to get apps". Mtu akiweka hapo Microsoft Store peke yake, Windows ya kawaida kabisa nayo itakataa programu za nje. Chagua "Anywhere" na umemaliza. Wenye Mac wana kitu kinachofanana na hicho ndani ya "Privacy & Security"; kikiwa kwenye "App Store" peke yake, badilisha.

Kabla hujabofya chochote, jiulize kama unahitaji kutoka, kwa sababu ukishatoka hakuna njia ya kurudi. Windows 10 S ilitangazwa tarehe 2 Mei 2017 kwa ajili ya shule hasa, na mwaka 2018 Microsoft wakaacha kuiita toleo la peke yake, ikawa hali ambayo Windows ya kawaida inaweza kuuzwa nayo. Lengo lilikuwa mashine isiyochafuka: programu zinatoka Store tu, kivinjari ni Edge, na dirisha la kuandika amri limefungwa. Ulinzi huo ni wa kweli. Kirusi cha kwenye flashi, kile kinachogeuza mafolda yako yote kuwa njia za mkato kila unapotoka kuprinti kwenye stationery, hakipati pa kukanyaga kwenye S mode. Kama laptopu ni ya mama anayeandika mihtasari ya kikundi chake cha VICOBA, au wewe kazi yako ni kuomba mkopo wa HESLB, kujaza Ajira Portal na kuandika Word, Edge inatosha na ningekushauri ubaki humo. Mwanafunzi wa uhandisi, wa takwimu au wa ramani hana jinsi. AutoCAD haimo Store. Atoke.

Sasa akaunti. Hapa ndipo tulipokwama, na ndipo naona wengi wanakwama bila kujua. Muuzaji anapokufungulia boksi dukani ili uone laptopu inawaka, Windows haikubali kuendelea bila akaunti ya Microsoft, kwa hiyo anaingiza ya kwake. Wewe unaondoka na laptopu yenye PIN aliyokuandikia kwenye karatasi. Kila kitu kinakwenda vizuri mpaka siku unayotaka kitu kutoka Store. Kwetu iliandika kwamba imetuma namba ya siri kwenye simu inayoishia tarakimu mbili ambazo hazikuwa za mtu yeyote nyumbani. Muuzaji alipopigiwa alisema ana laini nyingi, tutafute wenyewe.

Usihangaike kumtafuta. Maadamu unayo ile PIN, nenda "Settings", "Accounts", "Other users", ongeza mtu mpya kwa barua pepe yako, kisha kwenye jina lako bofya "Change account type" uchague "Administrator". Kama huna akaunti ya Microsoft, utaifungua hapohapo. Weka tarehe yako ya kweli ya kuzaliwa, na weka namba ya laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA, siyo ya rafiki wa chumba, maana namba za siri zitakuja huko kwa miaka yote utakayokuwa na akaunti hiyo. Toka kwenye akaunti ya muuzaji, ingia kwa yako, uhakikishe kila kitu kinafunguka. Hamisha kwenye flashi faili ulizokuwa umeshaweka upande wa muuzaji, kisha ndipo ufute jina lake. Ukilifuta kabla, faili hizo zinaondoka nalo.

Kuna jambo la pili lililofungwa kwenye akaunti ya muuzaji, nalo ni zito kuliko S mode yenyewe. Laptopu nyingi za siku hizi zinakuja na diski iliyofungwa kwa siri, na ufunguo wake wa dharura, wenye tarakimu 48, unahifadhiwa kwenye akaunti ya kwanza iliyoingia. Siku laptopu ikiomba ufunguo huo na akaunti si yako, faili zako hutaziona tena. Fungua "Privacy & security", uone "Device encryption". Ikiwa imewashwa, izime, iache imalize kufungua diski huku umechomeka chaja, kisha iwashe tena ukiwa ndani ya akaunti yako. Ufunguo mpya utaenda kwako. Ukiingia kwenye tovuti ya akaunti ya Microsoft, upande wa vifaa, utauona. Uandike kwenye daftari.

Saa nayo inaweza kukuzuia. Laptopu iliyokaa dukani betri ikaisha huwaka na tarehe ya ajabu, na Store haifunguki kwenye mashine ambayo tarehe yake haieleweki. Nenda "Time & language", "Date & time", chagua "(UTC+03:00) Nairobi", maana ndiyo saa yetu na Dar es Salaam haimo kwenye orodha hiyo, kisha bofya "Sync now".

Kuhusu bando: kutoka S mode hakupakui Windows mpya, kwa hiyo data inayotumika ni ndogo. Kinachomaliza bando ni masasisho yanayoanza kushuka yenyewe ukiunganisha hotspoti. Ingia "Network & internet", fungua mtandao wako wa Wi-Fi, washa "Metered connection" kabla ya yote. Na kama uko Makete au Ludewa mahali ambapo mtandao unakatika kila dakika, subiri siku unayokwenda mjini. Ukurasa wa Store ukikatika katikati unaweza kukuachia ujumbe wa makosa usioeleza chochote.

Sasa kutoka kwenyewe. "Settings", "System", "Activation". Kwa mwenye Windows 10 ni "Update & Security", kisha "Activation". Tafuta sehemu iliyoandikwa "Switch to Windows 11 Home", au Pro kulingana na toleo lako, bofya "Go to the Store". Store itafunguka kwenye ukurasa wa "Switch out of S mode". Bofya "Get", kubali unapoulizwa, subiri ujumbe wa kwamba imekamilika. Faili zako hazifutwi.

Tulia sana kwenye ukurasa huo wa "Activation", maana unaweza kuwa na "Go to the Store" mbili. Ile iliyo chini ya "Upgrade your edition of Windows" siyo yako. Hiyo inakupeleka kununua Windows Pro, ambayo bei yake Marekani ni dola 99. Mtu mwenye haraka anabofya ya kwanza anayoiona, anakutana na bei, na kuanzia hapo anaamini kwamba kutoka S mode kunalipiwa. Nadhani ndipo baadhi ya mafundi walipopata bei zao. Ukiona bei, au ukiombwa kadi ya benki, uko mahali pasipo. Rudi nyuma.

Ukurasa wa Store ukija mweupe, au ukibofya "Get" na lisitokee jambo, usianze kubadilisha mambo ndani ya laptopu. Angalia saa tena. Angalia picha ya akaunti juu ya Store, uhakikishe ni wewe na siyo muuzaji. Zima VPN kama unayo. Ndani ya Store nenda "Library" (kwenye Store mpya ni "Downloads"), uombe masasisho, kwa sababu Store ya zamani huwa haiujui ukurasa huo. Ikishajisasisha, jaribu upya kuanzia "Activation". Ikigoma bado, "Settings", "Apps", "Installed apps" (usipoiona humo, "System", "System components"), tafuta Microsoft Store, "Advanced options", bofya "Reset". Programu zako hazitafutika kwa hilo. Sisi iliitika baada ya Store kusasishwa, asubuhi, kabla wapangaji wengine hawajaamka na kuubana mtandao.

Laptopu ikiwa ni mali ya chuo au ya mradi, huenda sehemu hiyo isiwepo kabisa, kwa sababu msimamizi wa mfumo anaweza kuwa ameizuia. Muone ofisa TEHAMA. Na kama unanunua ya mtumba, soma "About" kabla ya kutoa pesa. Zile za mwaka 2012 zenye Windows RT, kama Surface RT, hazina njia rasmi ya kutoka kabisa. Zitabaki na programu za Store maisha yake yote.

Mafundi. Mbeya na Iringa kuna mafundi wazuri sana, na wapo waliowaambia wateja kwamba kazi hii haina malipo. Lakini ukimsikia mtu anasema, "Hii Windows yake imefungwa dada, tuipige upya," chukua laptopu yako uondoke nayo. Atakachoweka mara nyingi ni Windows iliyoamshwa kwa programu ya wizi, inayotaka ulinzi uzimwe ndipo ifanye kazi, na wewe ulikuwa na Windows halali uliyoilipia ndani ya bei ya laptopu. Wengine wanaingia BIOS, yaani mipangilio ya laptopu iliyo nje ya Windows, na kuzima Secure Boot, ulinzi wa wakati laptopu inawaka. Hapo ndipo zile tarakimu 48 zinapoombwa. Ninamfahamu binti wa Iringa ambaye laptopu yake ilibaki kwenye skrini ya bluu kwa njia hiyo, na ripoti yake ya mafunzo kwa vitendo ikiwa ndani.

Ukishatoka, rudi "About" uone kwamba maneno "in S mode" yameondoka. Microsoft Defender iache ikiwa imewashwa, na uichunguze nayo kila flashi inayotoka stationery kabla ya kufungua folda lolote, kwa kuwa sasa vile virusi vinaweza kuendeshwa. Printa iliyokuwa inakataliwa draiva yake sasa itakubali. AutoCAD ipakue kwenye tovuti ya Autodesk yenyewe. Wanafunzi wanapewa bure wakithibitisha kwamba wako chuoni, hivyo andaa kitambulisho cha chuo chenye jina lilelile uliloandika kwenye akaunti. Faili lake ni kubwa, gigabaiti kadhaa, kwa hiyo lipakulie kwenye mtandao wa chuo.