Somo: Randa ya kujitengenezea kwa mbao korofi

Wakuu, kila siku naulizwa "mbona mbao inachunika nikipiga randa", naweka hapa jibu lote. Mbao kama mvule nyuzi zake zinapishana, ukienda huku zinalala, ukigeuza zinasimama, bleidi inazing'oa badala ya kuzikata. Dawa ni bleidi isimame zaidi na mdomo (ule mwanya wa chini inapotokea bleidi) uwe finyu.

1. Tafuta kipande kigumu, kikavu kabisa, urefu sm 25 hivi, kimo sm 6.

2. Pasua mbavu mbili za mm 10. Pande la katikati upana wake uzidi bleidi kwa mm 2.

3. Kata pande la katikati, sehemu ya kulalia bleidi digrii 55 (randa za kawaida ni 45), ya mbele 60 ikiinamia mbele.

4. Mdomo, na hapa tulia. Kabla ya gundi panga vipande, weka bleidi, hakikisha makali HAYAPITI chini. Ule mwanya umekaa kama V, kwa hiyo kila ukipunguza tako la randa (uso wake wa chini) mdomo unapanuka wenyewe, sasa wewe ukianza na mdomo ulioshafunguka ukija kunyoosha tako unakuta umekuwa pengo na randa inachuna kama zile zile. Ukishanyoosha (hatua ya 6) ndiyo uchukue tupa, upunguze ule ukingo wa mbele wa mdomo kidogokidogo, jaribu, rudi, jaribu, mpaka ibaki nafasi ya unene wa karatasi moja mbili. Usitumie patasi hapo.

5. Gundi, bana, acha usiku kucha. Pitisha kijiti cha mm 12 kwenye mbavu, chonga kabari ikae chini yake kubana bleidi.

6. Nyoosha tako juu ya msasa uliolazwa kwenye kioo, bleidi ikiwa ndani na kabari imekazwa, maana kabari ikikaza mwili wa randa unajikunja kidogo. Makali yarudishwe juu yasiguse msasa.

MASWALI

– Mkuu digrii ngapi?
Hatua ya 3.

– Mdomo ukishazidi ndio basi tena?
Hapana, chimba kidogo mbele ya mdomo, gundisha kiraka cha mbao ngumu, piga tupa tena taratibu.

– Mimi ninayo ya 45 tayari, lazima nitengeneze nyingine?
Swali zuri sana hili. Si lazima. Chukua bleidi, ule uso bapa unaotazama mbele, unoe pale ncha tu kwa digrii 10, ukanda mwembamba kama unywele. 45 na 10 ni 55, mbao haijui tofauti. Ila ukitaka kurudi 45 itabidi uusage huo ukanda wote, ndo maana bora uwe na bleidi ya pili.

– Nimetengeneza ila nzito kusukuma, hii pembe yako si sahihi
Pembe ni sahihi. Bleidi iliyosimama ni nzito, hii ni ya kumalizia, maranda yawe membamba. Mbao bado ina mabonde unaanza na randa hii ya nini? Noa, punguza kina.

– Pakeni mafuta ya kula kwenye tako, inateleza
Mafuta yanaingia kwenye mbao na vanishi inakataa kushika. Sugua mshumaa, mistari miwili inatosha.