Somo: Hadi diski (hard disk) ya nje imepigwa shoti na haiwaki, jinsi ya kutoa data zako

Habari za muda huu wakuu. Leo tuziongelee hizi hadi diski kubwa za nje, zile za inchi 3.5 zenye adapta yake ya ukutani. Kisa huwa kilekile, mezani kuna chaja za kila aina, mtu anachukua ya laptopu ya volti 19 anachomeka kwenye diski inayotaka volti 12, pini inaingia vizuri tu, kaharufu kanatoka, basi, kimya. Sasa usikate tamaa haraka, data zimeandikwa kwa sumaku kwenye visahani vya ndani, na kinachoungua mara nyingi ni bodi iliyofungwa chini ya diski. Ila acha kuchomeka chomoa chomeka ukisema labda itawaka, hapo ndo watu wanamalizia kilichobaki.

Andaa bisibisi za nyota ya pembe sita (Torx, T6 na T8 zinatosha kwa diski nyingi), mita ya kupimia umeme (multimeter), pasi ya kulehemu yenye ncha nyembamba, na diski nyingine nzima yenye nafasi ya kutosha. Hiyo ya mwisho iwe mezani kabla hujaanza, utaona kwa nini.

Hatua ya 1. Fungua kava la plastiki utoe diski yenyewe. Ndani utakuta diski ya SATA ya kawaida (SATA ni ule mdomo unaochomekwa moja kwa moja ndani ya kompyuta) pamoja na kabodi kadogo kanakoigeuza kuwa USB. Hako kabodi usikatupe.

Hatua ya 2. Bila umeme wowote, legeza skrubu za bodi ya diski uigeuze uone upande wa ndani. Karibu na mdomo wa umeme tafuta vidude viwili vyeusi vya miguu miwili, kimoja huwa kinene kidogo kuliko mwenzie. Hizo ni dayodi za ulinzi, mafundi wanaziita TVS, moja inalinda laini ya volti 12 na nyingine ya volti 5. Kazi yake ni kujitoa mhanga, volti ikizidi yenyewe inapiga shoti kwenda gurundi (upande hasi wa umeme) ili vilivyo mbele vipone. Ndo maana ukichomeka adapta sahihi taa ya adapta inazima ama inakonyeza, adapta imeona shoti ikajizima.

Hatua ya 3. Weka mita kwenye mlio, gusa miguu yote miwili ya dayodi, kisha geuza waya upime tena. Nzima haitalia. Ikilia pande zote mbili na namba iko karibu na sifuri, hiyo ndo marehemu. Kwenye hii ajali ya chaja ya laptopu kwa kawaida inayokufa ni ya volti 12.

Hatua ya 4. Itoe kwa pasi, taratibu, usije ukang'oa na njia ya shaba. Halafu PIMA TENA palepale ilipokuwa. Shoti ikiisha, umempata mwizi. Shoti ikibaki basi kuna kingine kimeungua mbele, mara nyingi ile chipu inayoendesha mota, na hapo simama kwanza.

Hatua ya 5. Kabla hujarudisha bodi angalia vile vitako vinavyogusana na ndani ya diski, vikiwa vimefanya weusi sugua kidogo kwa kifutio cha penseli. Funga, chomeka kwenye kompyuta ya mezani yenye pawa saplai nzuri, sikiliza. Ikizunguka bila kugonga, kopi muda huohuo, anza na picha na nyaraka, muvi baadaye. Diski hii haina ulinzi tena, usije ukairudisha kazini kisa imewaka.

MASWALI

Swali: Mkuu asante kwa somo. Yangu imewaka kwenye SATA ila kompyuta inasema niifomati, nifanyeje?
Jibu: Usifomati! Kava lako ni la aina gani? Kama ni WD My Book, nyingi kale kabodi ka USB ndo kanafunga data kwa siri hata kama hujawahi kuweka neno la siri, ukisoma moja kwa moja unaona takataka tu. Rudisha diski kwenye kabodi kake, kama nako kameungua tafuta kengine ka aina ileile. Kama sio hiyo, piga kopi ya diski nzima kwa ddrescue (programu ya kukopi diski zenye hitilafu) kwenye Linux, uokoaji wa mafaili ufanyie kwenye kopi.

Swali: Kaka mi nimenunua bodi nyingine, namba zote zinafanana, ila diski inazunguka inagonga tak tak na haisomeki.
Jibu: Izime sasa hivi. Kila diski ina vipimo vyake yenyewe vilivyoandikwa kiwandani kwenye chipu ndogo ya miguu minane (ROM), bodi ngeni haivijui. Chipu itolewe bodi ya zamani ihamishiwe mpya, kazi ya fundi mwenye mashine ya upepo wa moto. Bodi nyingine hazina hiyo chipu pembeni, iko ndani ya chipu kubwa, hapo kazi ni ngumu zaidi. Na ikigonga hata baada ya kuhamisha, huenda vichwa vya kusomea navyo viliungua.

Swali: Fundi wa mtaani kwetu anataka kufungua mfuniko wa chuma wa juu aangalie. Nimruhusu?
Jibu: Hapana mkuu. Vumbi moja tu kwenye kisahani na vichwa vinakwaruza. Hapo panafunguliwa kwenye chumba maalum kisicho na vumbi, kama data ni za thamani mnyang'anye kwa upole.

Swali: Na hizi ndogo za inchi 2.5 zisizo na adapta?
Jibu: Anza kwa kubadili waya. Zenyewe zinatumia volti 5 tu, kwa hiyo hakuna laini ya 12 ya kupima, na nyingi mdomo wa USB umelehemiwa kwenye bodi ya diski yenyewe, SATA hutaiona. Dayodi pima vilevile.