Hesabu Siku Kabla ya Kuhesabu Shilingi: Namna ya Kuendesha Nyumba Kipato Kinaposimama Wakati wa Janga

Hapa Moshi na Arusha hatukufungiwa ndani mwaka 2020 kama walivyofungiwa watu wa nchi nyingine. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi, akiwa Arusha baada ya kushuka uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA). Siku iliyofuata ikatoka amri ya kufunga shule, na kufikia katikati ya Aprili ndege za abiria kutoka nje zilikuwa zimesitishwa. Masoko yaliendelea na nyumba za ibada ziliendelea, lakini kaya iliyokuwa ikila kwa mgeni wa mlima au wa mbuga ilifungiwa mlango bila askari yeyote kusimama barazani. Tarehe 16 Mei Kenya nayo ilipofunga mpaka wake na Tanzania kwa watu wote isipokuwa malori ya mizigo, wanaoishi kwa biashara ndogo ya Namanga na Holili waliingia katika hali hiyohiyo.

Mimi ni mhazini wa kikundi cha kina mama cha kuweka na kukopa huku Pasua, Moshi, na mume wangu ni mwongozaji wa wapanda mlima Kilimanjaro. Daftari la kikundi lilinionyesha nyumba zilizovuka miezi ile na nyumba zilizouza cherehani katika mwezi wa pili, na mara nyingi tofauti haikuwa kiasi cha fedha ambacho kila nyumba ilianza nacho, bali ilikuwa wiki ya kwanza, yaani nani alikaa chini mapema akapiga hesabu na nani alisubiri. Nayaandika haya kwa ajili ya yeyote ambaye kipato chake kinaweza kusimama kwa amri, kwa ugonjwa au kwa mpaka kufungwa.

Kaeni watu wazima wote wa nyumba, pamoja na kijana aliyemaliza shule, mwandike fedha iliyo mkononi, iliyo kwenye simu, iliyo benki na hisa zilizo kwenye kikundi. Andikeni pia chakula kilichopo ndani kwa kipimo chake, debe ngapi za mahindi na sado (ndoo ndogo ya kupimia) ngapi za maharage, kisha madeni yote, hata yale ambayo mmoja wenu hakuwahi kumwambia mwenzake. Hapo ndipo penye ugumu, na mara nyingi ndipo kikao huvunjika. Ni afadhali kikao kivunjike siku ya tatu, kukiwa bado kuna akiba, kuliko deni la siri kujitokeza siku ya arobaini kukiwa hakuna kitu.

Baada ya hapo msiulize mna shilingi ngapi. Ulizeni nyumba inaweza kusimama siku ngapi. Tuseme familia ina shilingi 420,000, inatumia 9,000 kwa siku kwa chakula, mkaa, sabuni na maji, na inalipa kodi ya 60,000 kwa mwezi, ambayo ni sawa na 2,000 kwa siku. Gawanya 420,000 kwa 11,000 na utapata siku 38. Namba hiyo huleta akili haraka kuliko laki nne, kwa sababu laki nne mkononi huonekana nyingi, ilhali siku 38 ni mwezi mmoja na wiki moja tu. Kila uamuzi utakaofuata upimeni hivyohivyo: king'amuzi cha shilingi 22,000 ni siku 2 za nyumba, na mchango wa harusi wa 55,000 ni siku 5.

Hapa lazima niseme kosa ambalo familia nyingi za mlimani tulilifanya, yangu ikiwemo. Sisi tumezoea masika. Kila mwaka mvua za Aprili na Mei hupunguza safari, wagumu (wabeba mizigo wa mlimani) na waongozaji hukaa nyumbani, na nyumba huishi kwa akiba na bakshishi za Januari na Februari hadi msimu wa Juni uanze. Kwa hiyo mwaka ule tulipanga miezi 2 kama kawaida, tukatumia akiba kwa kasi ya masika, na Juni ilipofika mvua zilikwisha lakini wageni hawakuja. Kipato kinaposimama kwa sababu usiyoijua mwisho wake, chukua muda unaoudhania kisha uuzidishe mara mbili, na upunguze matumizi tangu siku ya kwanza ukiwa bado na uwezo wa kuchagua cha kupunguza.

Katika kupunguza, tenganisheni malipo ambayo yakikosekana mtu analala na njaa au anaugua na malipo ambayo anayedai anaweza kusubiri akiambiwa mapema. Chakula, maji, sabuni na dawa za mgonjwa wa kisukari au shinikizo la damu haviguswi. Kadi ya bima ya afya isiachwe kuisha muda wake. Wakati ule CHF iliyoboreshwa, yaani bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii, ilikuwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu 6, na kwa nyumba yenye mtoto mdogo sijui matumizi mengine ya 30,000 yaliyo bora kuliko hayo. Kwa upande wa umeme, walio katika kundi la matumizi madogo, yale yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, hulipa bei nafuu kwa kila uniti, lakini watoto wakishinda nyumbani mbele ya runinga na pasi ikiwashwa kila siku kiwango hicho hupitwa kirahisi, na ziada hutozwa bei ya juu. Basi nguo zipigwe pasi mara moja kwa wiki.

Chakula ndicho eneo ambalo mama wa nyumba anaweza kuongeza siku nyingi kuliko popote, kwa hiyo nitakaa hapo zaidi. Adui wa kwanza ni kununua kwa vipimo vidogo. Mafuta ya kupima ya kila jioni, unga wa kilo moja dukani na mkaa wa kopo ni bei za juu kuliko zote mjini, na anayezilipa ni yule asiye na fedha ya kununua kwa jumla. Kama mna akiba yoyote, sehemu yake igeuzeni kuwa stoo katika wiki ya kwanza: mahindi kwa gunia au kwa debe kutoka masoko ya Himo au Mbuyuni, maharage kwa sado, mafuta ya lita 5, chumvi na dagaa wakavu. Kama fedha haitoshi, majirani watatu wanunue gunia moja na kugawana kwa debe mbele ya wote. Hapa kwetu tulifanya hivyo mara mbili bila ugomvi, kwa kuwa kila mmoja alishika debe kwa mkono wake.

Mahindi sageni dona. Ukikoboa ili upate sembe, sehemu ya punje hubaki mashineni kama pumba, ilhali dona hurudi nyumbani karibu uzito wote. Familia ya watu 6 inayotumia kilo 2 za unga kwa siku hufika karibu siku 50 kwa gunia la kilo 100 la dona. Punje zikaushwe vizuri juani kabla ya kuhifadhiwa, kwa sababu dumuzi na fukusi hawasubiri, na mifuko ile ya tabaka tatu isiyopitisha hewa hulinda nafaka bila dawa, mradi ifungwe kwa nguvu na isitobolewe na panya. Makande na maharage yalowekwe tangu jioni, kwani punje iliyolala majini huiva mapema na huokoa mkaa mwingi kuliko jiko lolote la kisasa ninalolifahamu. Pikeni chungu kimoja kikubwa cha makande kwa siku mbili, nusu iliwe na parachichi na nusu nyingine iungwe kesho yake.

Wenye wazazi Kibosho, Marangu, Machame au Old Moshi wana kihamba, yaani shamba la ukoo la migomba na kahawa, na kihamba ni akiba. Mkungu wa ndizi, maboga na mboga ya mnafu vilivuka na nyumba nyingi mjini mwaka ule. Hata hivyo, kuna namna ya kufanya. Usipeleke familia nzima kwa bibi na babu, kwa kuwa ugonjwa ule uliwaumiza wazee kuliko wengine na wao ndio walio juu huko. Mkungu utumwe kwa gari la asubuhi, upokelewe stendi, na gari likirudi lipeleke sukari, sabuni, chumvi na dawa za babu. Mzazi anayetuma ndizi kila wiki bila kupokea kitu hatasema, lakini naye ana hesabu zake, na bei ya kahawa yake haipandi kwa sababu mtoto wake amekosa kazi.

Sasa tuje kwa wanaodai. Kanuni niliyoiona ikifanya kazi ni kuongea kabla ya tarehe ya malipo, ukiwa na kiasi fulani mkononi na ombi lenye namba. Mwenye nyumba wa hapa kwetu amezoea kupokea kodi ya miezi 3 au 6 kwa mkupuo, na mpangaji akinyamaza yeye hudhani amedharauliwa. Aliyeandika ujumbe kama huu alisikilizwa: “Shikamoo baba. Kazi ya mlima imesimama tangu Machi na kodi yangu inaisha tarehe 30. Naomba kuanzia sasa nilipe mwezi mmoja mmoja badala ya miezi 3. Tarehe 5 nitaleta shilingi 40,000, na 20,000 iliyobaki nitaileta kabla ya tarehe 25.” Makubaliano yakipatikana yaandikwe kwenye karatasi, nakala mbili, hata kama mwenye nyumba ni shemeji yako. Mmoja wa wanakikundi wetu alikubaliwa kwa mdomo tu, na miezi 3 baadaye mwenye nyumba alikumbuka maneno mengine kabisa.

Benki nayo inaongeleka. Mei 2020 Benki Kuu iliyaruhusu mabenki kupanga upya mikopo ya wateja walioathiriwa na janga, lakini mkopo haukupangwa upya wenyewe. Mteja alipaswa kwenda tawini, kueleza kipato chake kimesimama tangu lini, na kuomba marejesho madogo kwa muda mrefu zaidi. Kabla ya kutia saini uliza jumla utakayolipa mpaka mwisho, kwa sababu marejesho madogo ya kila mwezi mara nyingi maana yake ni riba kubwa zaidi kwa jumla. Mikopo ya papo kwa papo ya kwenye simu iepukeni kwa matumizi ya chakula. Inaonekana midogo, lakini ada zake huhesabiwa kwa siku au kwa wiki chache, na niliona mtu akikopa mtandao huu ili kulipa mtandao ule mpaka laini zote mbili zikafungiwa huduma.

Kwa walioajiriwa kwa mkataba, hasa wa hoteli na kampuni za utalii, msikubali kuondoka kwa maneno “nenda nyumbani tutakuita” bila barua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa anayelipwa kwa mwezi notisi ya siku 28, na aliyefanya kazi mwaka mmoja au zaidi mfululizo akipunguzwa kazini anastahili kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka aliomaliza, hadi miaka 10. Anayeona ameachishwa isivyo halali ana siku 30 tu za kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na wengi walikwenda wakiwa wamechelewa kwa sababu walikuwa bado wanasubiri kuitwa. Kwa mwanachama wa NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, liko pia fao la upotevu wa ajira, ambalo hulipa theluthi moja ya mshahara kwa miezi 6 kwa aliyechangia angalau miezi 18 na ambaye hakuacha kazi kwa hiari yake. Barua ya mwajiri ndiyo ufunguo wa fao hilo.

Vikundi vyetu vina kishawishi kikubwa cha kuvunja sanduku la akiba ili kila mtu achukue hisa zake. Sisi tulikataa, nami nadhani tulifanya vema, kwa sababu hisa zikishaliwa hakuna pa kukopa mwezi unaofuata. Tulisimamisha mikopo mipya ya biashara, tukafuta faini za kuchelewa, tukaacha kutoza riba kwa miezi 3 huku kila mkopaji akirejesha chochote alichoweza, hata 2,000, na mfuko wa jamii wa kikundi tukautumia kununua mahindi kwa wanachama ambao siku zao zilikuwa chini ya 10. Vikao tulivifanya nje, chini ya mwembe, wawakilishi watano tu, na wengine walituma kwa simu. Kila muamala ulisomwa kwa sauti mbele ya wale watano na ukaandikwa kwenye vitabu viwili vinavyokaa nyumba tofauti.

Jambo la mwisho ni la kurudi kazini, nalo liliwashtua wengi. Matumizi hurudi kabla ya kipato. Ndege ziliruhusiwa tena tarehe 18 Mei na shule zote zikafunguliwa tarehe 29 Juni, kwa hiyo viatu, daftari na nauli vilidaiwa mara moja, ilhali safari ya kwanza ya mlima katika nyumba yetu ilipatikana miezi kadhaa baadaye. Katika mpango wenu wekeni fungu la kurudi shule tangu mwanzo na lisiguswe. Fedha ya safari ya kwanza ikiingia, msiimalize kwenye madeni; mlipeni kila anayedai sehemu aliyoahidiwa kwenye karatasi, na inayobaki inunue mahindi, kwa kuwa Julai na Agosti tambarare zetu zinavuna na gunia huwa bei ya chini kuliko litakavyokuwa Machi.