SOMO: Mnahamia nje ya nchi wewe na mwenza wako, mtachaguaje pa kununua nyumba

Wakuu habari zenu. Watu wengi viza ikishatoka tu wanakimbilia picha za nyumba mtandaoni, jiko zuri, bustani ipo, bei imekaa vizuri, wiki haijaisha wameshatuma malipo ya awali. Naomba tusianzie huko. Nyumba utapaka rangi na jiko utabadilisha, ila mtaa hubadilishi. Na kama mnahama wawili kuna kitu mimi nakiweka mbele ya vyote: chagueni sehemu kwa kumwangalia yule atakayekuwa na hali ngumu zaidi kule. Mara nyingi mmoja ndo kapata kazi, anatoka asubuhi, ana wenzake wa kupiga nao stori. Mwingine kaja kwa viza ya mwenza, kazi bado, lugha bado, gari haendeshi, na huyo ndo atakayeshinda kwenye hiyo nyumba kutwa nzima. Mkipima umbali wa ofisi ya mmoja tu mnakuwa mmemfungia mwingine ndani.

Hatua ya 1: Je, mnaruhusiwa kununua?
Msiulize dalali, ulizeni wakili wa kwenu wenyewe, asiyelipwa na muuzaji. Kanada imezuia wageni wengi wasio na ukaazi wa kudumu kununua nyumba za kuishi tangu Januari 2023 na zuio limeongezwa hadi mwanzoni mwa 2027. Australia nayo tangu Aprili 2025 imezuia wageni kununua nyumba zilizokwishajengwa, hadi Machi 2027, na hata wenye viza za muda wamo. Thailand mgeni hamiliki ardhi kwa jina lake, anaweza kumiliki apatimenti ila wageni wote kwa pamoja hawavuki asilimia 49 ya eneo la jengo. Meksiko, ndani ya kilomita 50 toka baharini au 100 toka mpakani, mgeni anapitia benki ishike hati kwa niaba yake.

Na kununua nyumba sio kupata ukaazi, hapa wengi wanaumia. Ureno ilifunga njia ya kupata kibali kwa kununua nyumba mwaka 2023, Hispania ikafunga Aprili 2025. Kwa mtu wa nje ya Ulaya asiye na kibali cha kuishi, hata ukiwa na jumba eneo la Schengen (zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja) unakaa siku 90 tu ndani ya kila siku 180.

Hatua ya 2: Kila mtu aandike yake peke yake
Chukueni karatasi mbili, kaeni vyumba tofauti. Usiandike "sehemu nzuri yenye utulivu", hiyo haisaidii. Andika siku yako ya Jumanne kule ilivyo, saa moja asubuhi unafanya nini, saa nne uko wapi, umeenda kwa mguu au basi, unaongea na nani, ukiumwa ghafla na mwenzako yuko kazini unafikaje hospitali. Halafu badilishaneni karatasi. Ukikuta ya mwenzako kuanzia saa tatu mpaka saa kumi na moja haina mtu hata mmoja wa kuongea naye, hapo ndo pa kukaa na kuzungumza, kabla hata ya bei.

Hatua ya 3: Kaeni nyumba ya kupanga kwanza
Mimi nasema mwaka mzima, angalau msimu mbaya uwapite mkiwa hapohapo. Mji wa kitalii ufukweni unapendeza kiangazi, baridi ikiingia nusu ya maduka yamefungwa na mabasi yamepunguzwa. Nchi za kaskazini Desemba giza linaingia saa tisa au saa kumi alasiri, kuna watu linawakaa vibaya sana kichwani na hawakujua mpaka walipofika.

Hatua ya 4: Ujueni mtaa kabla ya kuinunua nyumba
Shukeni kituo cha basi usiku mkiwa na mifuko ya sokoni mkononi mtembee mpaka mlangoni, mtaona kama kuna taa, kama kuna mlima, kama yule asiyeendesha atapaweza peke yake. Nendeni asubuhi ya kazi halafu mrudi Ijumaa usiku. Ndani ya nyumba ombeni kabati la ukuta wa nje lisogezwe, pitisha kiganja nyuma yake: ukuta ukiwa wa baridi na unyevu au kuna madoa meusi hiyo ni dalili ya unyevu au fangasi, na rangi mpya haiitibu.

Hatua ya 5: Hesabu yote, sio bei tu
Ujerumani kwa mfano kodi ya ununuzi peke yake ni asilimia 3.5 mpaka 6.5 kutegemea jimbo, bado mthibitishaji wa mkataba na usajili, na dalali kama yupo. Ongezeni kodi ya jengo kila mwaka, bima, kupasha joto. Kama ni apatimenti ombeni kumbukumbu za vikao vya wamiliki, mle ndo mtaona kama paa linataka kubadilishwa na mtachangishwa.

Hatua ya 6: Majina kwenye hati
Yawe mawili, na muulize mmoja akifariki inakuwaje. Uingereza mkinunua kwa umiliki wa pamoja anayebaki anachukua yote, mkinunua kila mtu na fungu lake, fungu la aliyefariki linafuata wosia wake. Ufaransa sheria inawatengea watoto fungu lao. Hili ongeeni mapema, hasa kama kuna watoto wa ndoa ya nyuma.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu, kupanga mwaka mzima si kutupa hela?
Jibu: Ukinunua pasipofaa ukauza baada ya mwaka, kodi ya ununuzi hairudi, dalali analipwa tena na bei inaweza kuwa imeshuka. Kodi ya pango unajua mwisho wake.

Swali: Mimi nataka mjini, mume wangu anataka kijijini kabisa. Tufanyeje?
Jibu: Dada, msikate katikati mkaishia sehemu ambayo hakuna anayeitaka. Angalieni miji midogo yenye kituo cha treni, yeye apate bustani na wewe uondoke bila kumwomba lifti. Mkishindwa, mwenye kazi ndo asafiri, asiye na kazi akae karibu na watu.

Swali: Tukope kwa sarafu ya nchi nyingine yenye riba ndogo?
Jibu: Kopeni kwa sarafu mnayolipwa mshahara. Poland wengi walikopa kwa faranga ya Uswisi kwa sababu ya riba, Januari 2015 faranga ikapanda ghafla, deni likavimba na mshahara ukabaki palepale.

Swali: Mimi nimetangulia, mke wangu anakuja baadaye. Nimepata nyumba safi, nataka nimfanyie sapraizi.
Jibu: Mkuu, nakuomba usifanye hivyo. Panga chumba msubiri. Kama muuzaji anakubana, mpigie mkeo video ukianzia kituo cha basi na sio sebuleni, tembea naye mpaka dukani, mpaka zahanati, halafu nyamaza yeye ndo aulize. Akisema bado hajaelewa, usisaini.