Kupima kemikali kwenye maji ya bomba
Maji yakiwa maangavu na hayana harufu, usidhani yamesalimika. Madini ya risasi huyaoni wala huyaonji, na kuchemsha hakuyaondoi: maji yanapungua sufuriani, risasi inabaki ileile. Peleka sampuli maabara, na uwaambie unatafuta nini, maana kipimo cha vijidudu hakionyeshi kemikali. Tumia chupa yao na usiisuuze. Mara nyingi ndani kuna matone ya asidi ya kuhifadhi sampuli. Kwa risasi, kinga maji ya kwanza kabisa asubuhi, yaliyolala bombani angalau saa 6, kabla mtu hajanawa hata uso. Kwa viyeyusho vya viwandani, yaani kemikali za kuyeyushia vitu kama grisi na rangi, jaza chupa pomoni, funga, ipindue. Ukiona kiputo cha hewa, ongeza maji, kwani kemikali hizo hutorokea humo.